Marehemu Mal-sun Aanza Mwaka wa Kwanza

Wiki ya mwisho ya Februari, Profesa Tak Yeon-ju aliegesha gari lake dogo mbele ya shule ya sekondari iliyo nyuma ya soko la samaki, akafungua buti, akatoa katoni ya taulo. Taulo zilikuwa nyeupe, zimetariziwa jina la Chuo Kikuu cha Seoram kwa uzi wa buluu. Ilikuwa shule ya tatu tangu asubuhi, na theluji ya njiani ilikuwa imemlowesha viatu mpaka soksi. Katika ofisi ya walimu, mwalimu wa darasa la mwisho hakuinuka kitini. Alimwonyesha pembeni kwa kidevu, mahali zilipopangwa katoni za vyuo vingine: soksi, miavuli, mwani wa kukaanga, sabuni za maji.

“Weka hapo, Profesa. Taulo tena?”

“Kwani mwaka jana tulileta taulo?”

“Mwaka jana na mwaka juzi. Mke wangu anadekia nazo nyumba.” Akajinyoosha, kiti kikalia. “Sikiliza nikwambie. Darasa langu zima lina watoto kumi na wanane. Vyuo vilivyopita hapa ni vingi kuliko hao. Sasa nifanyeje? Niwakate vipande niwagawie?”

Yeon-ju akacheka, kwa kuwa kucheka kulikuwa sehemu ya kazi. Akaiweka katoni juu ya miavuli, akainama, akashukuru, akatoka.

Alikuwa na miaka hamsini na moja na shahada zote ambazo mtu anaweza kuzipata katika uhasibu, na sasa alikuwa mbeba taulo. Watoto walikuwa hawazaliwi tena wilayani, basi, hakuna aliyekuwa na la kuongeza hapo. Mabweni mawili ya Seoram yalikuwa yamefungwa na njiwa wameyahamia. Idara yake ilikuwa Idara ya Uhasibu, ikabadilishwa jina ikawa Uhasibu wa Kidijitali, halafu ikawa Idara ya Ubunifu wa Ajira za Kesho, na katika mabadiliko yote hayo vitabu vilikuwa vilevile na walimu walewale wanne. Mwaka uliopita iliandikisha mwanafunzi mmoja, binti aitwaye Ban Seul-gi, aliyekaa nyuma karibu na hita na hakuuliza swali. Mkuu wa Chuo alikuwa amesema wazi kikaoni kwamba idara isiyojaza viti itafungwa, na aliposema hivyo alimtazama Yeon-ju. Mkuu wa Chuo aliitwa Pyo Gi-tae. Alikuwa mdogo wake mama yake Yeon-ju, kwa hiyo mjomba wake wa damu.

Jioni hiyo ilikuwa ya kumbukumbu ya kifo cha mama yake. Yeon-ju hakuwa na mume tena wala ndugu, hivyo kila kitu alikifanya mwenyewe: wali, supu ya figili na nyama, samaki mzima, matunda yaliyokatwa kofia juu. Mlango wa mbele aliuacha wazi kidogo ili marehemu waingie. Kilichobaki ni kuandika zile karatasi mbili nyembamba wanazozikalia marehemu wakati wa kula, moja ya baba na moja ya mama, kwa brashi na wino, kwa herufi za Kichina kama ilivyo desturi.

Desturi yenyewe ni hii. Mwanamume aliyekufa na cheo serikalini huandikwa cheo chake. Aliyekufa bila cheo huandikwa mwanafunzi. Haidhuru alikuwa mlevi, mchuuzi au mvuvi wa ngisi, akishakufa ni mwanafunzi milele. Mwanamke haandikwi hivyo. Mwanamke huandikwa bibi wa nyumba.

Baba yake Yeon-ju alikuwa mwanafunzi kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Katika uhai wake alicheza karata na kunywa pombe ya mchele, na kitabu pekee alichowahi kukishika ni cha simu. Mama yake, Pyo Mal-sun, alitoka kijijini na miaka kumi na mitano akaenda kushona mashati katika kiwanda cha Seoul, chumba cha chini kisicho na dirisha, ili mdogo wake Gi-tae asome. Alimsomesha sekondari, akamsomesha chuo kikuu, akamnunulia na saa ya mkononi siku ya mahafali. Mwenyewe aliishia darasa la sita. Huyo ndiye bibi wa nyumba.

Yeon-ju alikuwa amechoka. Siku nzima kalamu yake ilikuwa imeandika barua za kuomba wanafunzi: mwanafunzi mpendwa, mwanafunzi mtarajiwa, mwanafunzi wetu wa kesho. Akaandika ya baba. Akavuta karatasi ya pili, na mkono ukaendelea kama ulivyokuwa ukienda. Alipoinua brashi, mama yake alikuwa ameandikwa mwanafunzi.

“Eh,” alisema.

Karatasi nyingine haikuwepo na maduka yalikuwa yamefungwa. Akaibandika hivyohivyo. Akainama mara mbili, akasubiri wamalize kula, kisha akazichoma karatasi zote mbili juu ya bakuli kama inavyotakiwa, akaosha vyombo, akalala.

Siku ya kwanza ya muhula Yeon-ju aliingia darasani na kumkuta mama yake kwenye kiti cha mbele.

Alikuwa amevaa sanda yake ya katani, ile aliyojinunulia mwenyewe alipokuwa hai na kuitunza kabatini na dawa ya nondo. Mikono ya sanda ni mirefu, haikukusudiwa mtu wa kuandika, kwa hiyo alikuwa ameikunja na kuibana kwa pini. Mbele yake palikuwa na daftari jipya na penseli tatu zilizochongwa. Seul-gi alikuwa nyuma karibu na hita.

“Mama,” alisema Yeon-ju.

“Endelea, Profesa,” mama yake akamjibu. “Usinijali mimi. Nimechelewa vya kutosha.”

Yeon-ju akaita majina. Seul-gi akaitika. Mal-sun akaitika kwa sauti kubwa mno, kama mtoto wa darasa la kwanza, na darasa likaendelea.

Hakuna aliyeshangaa sana. Ofisi ya msajili ilitaka picha mbili ndogo na namba ya kitambulisho, na Mal-sun alikuwa navyo vyote. Aliyelalamika ni mpishi wa kantini, Bibi Noh, kwa sababu marehemu hula mvuke tu na chakula hubaki palepale, lakini ladha yote imekwenda. “Wali niliomwekea mama yako,” alimwambia Yeon-ju, “nimempa mbwa, mbwa kanitazama kama nimemtukana.” Wakakubaliana kwamba atatengewa sahani yake. Uji wa maharage mekundu ulitolewa kwenye orodha, maana marehemu hawaustahimili.

Wiki ya pili walikuja wawili zaidi. Mtaa ule watu hawana siri, na marehemu nao wana masikio. Mabinti waliposikia, wengi hawakusubiri siku ya kumbukumbu. Waliandaa meza ndogo ya ziada, wakaandika kwa makusudi kile ambacho mkono wa Yeon-ju ulikiandika kwa uchovu, na asubuhi yake mama au bibi akawa amesimama langoni kwa Seoram na daftari. Walikuwa wauza samaki, washonaji, wapishi wa mabwenini, wanawake waliolea wadogo zao watano na kuzikwa bila kujua kusoma barua za wadogo hao. Kufikia Mei darasa la Yeon-ju lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi. Waume zao, ambao walikuwa wanafunzi miaka na miaka, hakufika hata mmoja.

Wizara ilituma mkaguzi. Alikaa kwenye kiti cha nyuma asubuhi moja, akahesabu vichwa, akaandika kwamba kanuni zinamtaka mwanafunzi awe na jina, anwani na mahudhurio, na hazisemi chochote kuhusu mapigo ya moyo. Mkuu wa Chuo alimpeleka kula samaki mbichi, akarudi uso umemnawiri. Siku iliyofuata alipita darasani kwa Yeon-ju, akamkuta dada yake, akainama mpaka kiunoni mbele ya watu wote.

“Dada, umeniokoa tena.”

“Nimekuja kusoma tu, Gi-tae,” Mal-sun akasema. “Mbona umekonda? Hawakupikii?”

Alisoma kwa bidii iliyomtia Yeon-ju aibu kidogo. Uhasibu haukumpendeza sana, akakiri, lakini chuo kilikuwa na masomo mengine na yeye alihudhuria yote. Alijifunza herufi za Kichina, kumi kila siku, mpaka akaweza kusoma mabango ya mahekalu na majina ya dawa za asili. Alijifunza Kiingereza kwa kijana mmoja wa mkataba. Siku moja alimwomba kijana huyo chaki, akaenda ubaoni, akachora mstari wa herufi kwa kumbukumbu, moja baada ya nyingine, bila kujua zinatamkwaje. Ndizo zilizokuwa kwenye kile kitambaa kidogo alichokishona kwenye kola za mashati, maelfu kwa maelfu, tangu usichana wake.

“Inasema nini, Mwalimu?”

Kijana akasoma, akamweka sawa herufi moja. “Inasema, usipige pasi ya moto.”

Mal-sun akacheka mpaka akashika meza. “Jamani! Mimi miaka yote nikidhani ni jina la mwanamume. Nilikuwa nikimwaza, huyu bwana ana mashati mengi namna hii, ana raha gani!” Darasa zima likacheka, marehemu na Seul-gi pia. Yeon-ju, aliyekuwa akipita kwenye ukumbi, alisimama mlangoni akamtazama mama yake akicheka na chaki mkononi. Hakukumbuka kama aliwahi kumwona hivyo alipokuwa hai. Alifurahi, akaona na uchungu, akaenda zake darasani.

Oktoba wizara ikabadilisha kipimo. Kuanzia mwaka ujao vyuo havitahesabiwa kwa walioketi darasani, bali kwa walio kazini. Walio hai wa Seoram hawakuwa kazini. Kompyuta zilikuwa zinafunga hesabu zenyewe, na kampuni za mjini zilishaacha kuajiri mtu wa kukaa na kikokotoo. Seul-gi alikuwa ametuma maombi sehemu zisizo na idadi na kujibiwa na mashine, kwa adabu sana, kwamba hapana. Katika kikao cha walimu Mkuu wa Chuo alisimama, akavua miwani, akaisafisha, akatangaza kwamba ufumbuzi umepatikana. Wanafunzi wote marehemu wataanza mafunzo kwa vitendo mara moja. Viwanda vya eneo la viwanda vimewapokea kwa mikono miwili, kwani vimekosa wafanyakazi kwa muda mrefu. Marehemu hawali, hawaumwi mgongo, hawaendi msalani. Bima ya ajali haihitajiki, kwa kuwa lile la kukatiwa bima limekwisha kutokea.

Walimu walipiga makofi. Yeon-ju naye alipiga makofi, mpaka skrini ilipoonyesha mgawanyo. Idara ya Ubunifu wa Ajira za Kesho, kiwanda cha kushona viti vya magari. Jina la kwanza, Pyo Mal-sun.

Mikono yake ilibaki hewani. Kwamba mama yake aliyekufa anakwenda kazini, hilo lilimwingia kama linavyoingia tangazo lolote. Ila cherehani! Mwanamke yule ametumikia cherehani mpaka vidole vikapinda, amekufa, ameoza, amerudi kwa mara ya kwanza kushika penseli, na anayemrudisha kwenye cherehani ni Gi-tae. Gi-tae huyuhuyu! Yeon-ju alitazama kulia na kushoto kuona kama yuko mwenzake aliyeshtuka, akamwona jirani yake anapiga picha skrini.

Alimfuata mjomba wake ofisini bila kubisha hodi.

“Mjomba.”

“Nyumbani ni mjomba. Hapa ni Mkuu.”

“Haya, Mkuu. Mama yangu humpeleki kushona.”

“Kaa chini, Yeon-ju.”

“Sikai. Suti uliyovaa siku ya mahafali yako ilitoka kwenye cherehani, hata mimi ambaye sikuwa nimezaliwa naijua habari hiyo, umetusimulia kila mwaka mpya ukilia. Sasa leo unamrudisha?”

Mzee akashusha pumzi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayemwonea huruma mpumbavu. “Kwani nimemlazimisha? Nilikwenda nikamwomba. Nikamwambia, Dada, chuo kinakufa. Akaniuliza, unataka nini? Nikamwambia. Akasema sawa. Mwulize.”

“Angekataa lini? Lini amewahi kukukatalia wewe?”

“Hajawahi,” akasema Gi-tae, na machozi ya kweli yakamlengalenga. “Ndiyo maana nampenda sana dada yangu.”

Mjomba akamwita katibu alete chai ya tangawizi.

Alikwenda kiwandani wiki iliyofuata, kama msimamizi wa mafunzo. Ukumbi ulikuwa mrefu, baridi, na taa zilikuwa chache kwa vile marehemu wanaona vizuri gizani. Walikuwa wamepangwa safu kwa safu, sanda zimefungwa nyuma kwa mpira ili zisiingie kwenye mikanda. Wale waliokuwa wakisoma juzi juzi historia na kemia walikuwa wanapitisha ngozi chini ya sindano. Msimamizi wa zamu, kijana mwenye kofia, alimpongeza: hajawahi kuona wanafunzi walioiva hivi. Mal-sun alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mkono wake ulikuwa unakwenda haraka kiasi kwamba macho hayaufuati.

“Mama, acha. Twende nyumbani.”

“Usiongee karibu na sindano, utanichanganya.” Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. “Nyumbani wapi? Mimi kwangu ni kule kilimani kwenye kaburi, na kule hakuna la kufanya.”

“Ulikuja kusoma, wewe.”

“Nasoma. Jumatano mchana tunaachiwa turudi chuoni, mwalimu wa Kichina anatufundisha mpaka saa kumi. Wiki hii tumefika kwenye herufi za hali ya hewa.” Akavuta kipande kingine. “Sijakusimulia nilivyokuwa Seoul? Kulikuwa na shule ya jioni pale kanisani. Niliingia siku mbili, halafu wakatuongezea zamu. Hapa Jumatano haijaguswa. Sasa huoni ni nafuu?”

“Ni nafuu kuliko nini, Mama?”

“Kuliko hiyo.” Akamtazama bintiye kwa mara ya kwanza. “Umelia? Nenda kanawe. Watu wataona Profesa analia.”

Yeon-ju alinawa. Akarudi ofisini, akasaini kwamba mafunzo yanaendelea vizuri, kwa maana asiposaini idara haitapata alama, na hapo alijichukia, akanywa maji, akaenda kufundisha darasa ambalo ndani yake alikuwamo Seul-gi peke yake.

Alikuwa na wazo moja la kujifariji. Karatasi huandikwa upya kila mwaka. Februari ikifika ataandika kama zamani, bibi wa nyumba, na mama yake atarudi kupumzika kilimani, na hakuna kiwanda kitakachomdai. Wazo hilo alimweleza mama yake mwenyewe, Jumatano moja, wakitembea kutoka darasani. Mal-sun alisimama katikati ya njia.

“Usithubutu,” alisema. “Andika kama mwaka jana. Nitashona, lakini andika kama mwaka jana. Nimefika herufi ya mia tisa.”

“Sawa, Mama.”

“Niahidi.”

“Nakuahidi.”

Wiki moja kabla ya kumbukumbu, Mkuu wa Chuo alimwita. Safari hii alimwita mpwa wangu, na chai ilikuwa tayari mezani. Mkaguzi wa wizara alikuwa amekuja tena na kukuta kasoro. Marehemu wako kazini, hilo halina ubishi, lakini kwa mujibu wa zile karatasi za mezani bado ni wanafunzi, na mwanafunzi hahesabiwi kuwa ameajiriwa. Basi familia zote zimeombwa kusahihisha. Mwaka huu wataandika mfanyakazi wa kudumu.

“Kwa hiyo wasome lini?” akauliza Yeon-ju.

“Wasome tena? Ajira ya kudumu hiyo, Yeon-ju! Vijana walio hai wanaililia mpaka wanaugua, wewe unaniuliza kusoma? Kisha fikiri. Tangu enzi za wafalme anayeandikwa kitu kingine badala ya mwanafunzi ni mwenye cheo. Dada yangu atakuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na cheo. Nilipomfikiria nililia.”

“Nisipoandika?”

Akaondoa kikombe chake njiani, akaegemea meza. “Familia zote zimekubali. Umebaki wewe, na wewe ndiye uliyeanzisha. Wizara inataka idara nzima, si nusu. Usipoandika, idara yako haihesabiwi, na isipohesabiwa mwisho wa mwezi imefungwa. Walimu wanne nje, na mmoja wao ana mapacha wa miezi mitatu, unamjua. Yule binti wenu naye ahamie wapi, na amebakiza mwaka? Wewe una miaka mingapi?”

“Unaijua.”

“Naijua. Nani atakuchukua?”

Jibu walikuwa nalo wote wawili.

Siku ya kumbukumbu alipika wali, supu ya figili na nyama, samaki. Akakata matunda. Aliacha mlango wazi kidogo. Akaandika karatasi ya baba, mwanafunzi, akaivuta ya pili. Safari hii hakuwa amechoka na mkono haukujiendea wenyewe. Alikaa na brashi hewani mpaka wino ukadondoka kwenye mkeka. Alimfikiria yule mwenye mapacha. Akamfikiria Seul-gi. Kisha, na hili hangemwambia mtu, akajifikiria mwenyewe na katoni za taulo, na kukosa hata hizo za kubeba. Akawa kama mtu anayemtazama mwingine akifanya, na mwingine huyo akaandika mfanyakazi wa kudumu, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Alipoinua uso mama yake alikuwa ameingia. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, vumbi la ngozi limemshika kwenye sanda, na alikuwa akiisoma karatasi. Zamani angeikalia tu. Sasa alisogeza kidole chini ya kila herufi, midomo ikicheza, na alipofika ile ya tatu, ambayo ni ngumu, akasita, akaikumbuka, akaenda mbele mpaka mwisho.

“Mfanyakazi,” alisema. “Wa kudumu.”

“Mama.”

“Nimepatia?”

“Umepatia.”

Mal-sun akaitikia kwa kichwa. Akakaa mahali pake. Aliinamia supu, akavuta mvuke wake, akavuta na wa wali, akasema figili imeiva vizuri. Yeon-ju alikuwa amepiga magoti na paji la uso liko juu ya mkeka, kama inavyotakiwa, na hakuweza kuinuka. Alitaka atukanwe. Angalau apigwe kofi moja la mama. Alisikia tu mama yake anapuliza mvuke polepole, kama mtu asiyetaka kuchelewa lakini hataki pia kumvunjia mpishi heshima.

Baadaye mama akasimama, akajikung'uta, akakaza mpira ulioifunga sanda yake nyuma. Alifika mlangoni, akageuka.

“Jumatano,” alisema. “Nije tu darasani? Nikae nyuma. Siandiki chochote, nasikiliza tu.”

Yeon-ju aliinua kichwa. Alijua kanuni mpya, yeye mwenyewe alikuwa kwenye kamati iliyoiandika.

“Darasa ni la wanafunzi, Mama.”

“Ah,” akasema Mal-sun. “Kweli. Ni la wanafunzi.”

Akainama kuvaa viatu, akasema kesho kuna baridi, Yeon-ju avae kitu kizito, na akaondoka, kwa kuwa zamu ilikuwa inaanza.